Kipimo cha "roho ya ulingoni" Mtwara mjini: zoezi moja zuri ndani ya ripoti mbovu

Huduma hii inauzwa kwa klabu za ngumi na mateke za Mtwara mjini, Mikindani na Lindi. Ahadi yake ni kumwambia mwalimu, ndani ya saa mbili na nusu, yupi kati ya vijana wake ana "roho ya muuaji" na yupi abaki kuwa mtu wa kufanyia mazoezi. Bei ni shilingi 30,000 kwa mtu mmoja, au 220,000 kwa klabu inayoleta watu kumi. Inafanyika kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Shangani, kwa mpangilio wa fomu, mazungumzo, vipimo vya mwili na mwisho zoezi la ulingoni. Anayelipa anapewa karatasi mbili. Ya kwanza ina namba moja iliyoandikwa kwa kalamu nene, kati ya 0 na 100. Ya pili ina aya tatu za ushauri.

Wahudumu wana adabu, wanaanza kwa wakati, risiti inatolewa bila kuombwa. Hayo yamekaa vizuri. Kasoro iko kwenye ile namba.

Wazo linalouzwa ni kwamba mtu mwenye chembe za usaikopathi, yaani asiyeogopa, asiyehurumia na asiyejuta, anamzidi mpinzani mwenye moyo laini. Wazo hili halikuokotwa jalalani, lina ukweli wa theluthi moja hivi, na ndiyo maana linauzika kwa urahisi. Tatizo ni kwamba theluthi mbili zilizobaki zinampunguzia bondia pointi, na ripoti inazihesabu zote tatu kama sifa.

Neno saikopathi mtaani anapewa kila muuaji wa kwenye sinema. Hervey Cleckley, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, mwaka 1941 aliwaeleza watu wenye sura ya utimamu, wachangamfu, wasiotetereka, ambao nyuma ya sura hiyo hakuna majuto wala uaminifu. Alitumia mfano wa kinyago. Kwa msomaji wa Mtwara mfano huo umefika nyumbani: lipiko, yaani mchezaji wa kinyago cha Kimakonde, linapoingia uwanjani watu wanamwona mwingine kabisa, na aliyemo ndani hajulikani kwa kutazamwa tu. Baadaye Robert Hare wa Canada akatengeneza kipimo cha vipengele 20, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2, jumla 40, na kule Amerika Kaskazini mpaka unaotumika kwa kawaida ni 30. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya magerezani. Kinamtaka mpimaji aliyefunzwa, mahojiano marefu, na mafaili ya maisha ya mtu ili maneno yake yalinganishwe na matendo yake. Huduma ya Shangani haidai kukitumia, na kwa hilo inastahili haki yake. Lakini inalitumia neno lenyewe kwenye tangazo lake, na neno hilo lina uzito.

Kinachomsaidia mwalimu zaidi ni mgawanyo uliotolewa na Christopher Patrick, Don Fowles na Robert Krueger mwaka 2009. Wao waliukata usaikopathi vipande vitatu. Cha kwanza ni ujasiri: mtu hatishiki, anatulia penye hatari, anajiamini mbele za watu. Cha pili ni moyo wa jiwe: maumivu ya mwenzake hayamgusi, anatumia watu. Cha tatu ni kukosa breki: msukumo ukija anaufuata, hasubiri, hajifunzi kutokana na adhabu. Mtu anaweza kuwa na kimoja kwa wingi na vingine kidogo. Tena wapo wataalamu, Joshua Miller na Donald Lynam miongoni mwao, wanaopinga kwamba ujasiri peke yake uhesabiwe kuwa usaikopathi. Kama wao ndio wenye haki, basi faida nzima inayouzwa kwa jina hilo ni ya kitu kingine.

Viweke vitatu hivyo ulingoni, kimoja kimoja.

Ujasiri unalipa, hilo halina ubishi. Bondia asiyetishika analala usiku wa kuamkia pambano. Mabega yake hayakazi, na bega lililokaza linachoma nguvu hata kabla konde halijatoka. Anapumua kwa tumbo, anaona mikono ya mpinzani badala ya kuona kelele za ukumbi. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington mbele ya watu wa Eggington, na akammaliza raundi ya pili. Kuingia nyumba ya mtu namna hiyo bila miguu kuwa mizito ni kazi ya ujasiri, na ujasiri wa namna hiyo unaonekana kwa watu wapole kabisa.

Moyo wa jiwe unasaidia kidogo mno kuliko watu wanavyofikiri. Ruhusa ya kumpiga aliyelewa makonde imeshatolewa na kanuni, na wa kusimamisha ni mwamuzi. Bondia hana haja ya kuleta chuki yake binafsi ndipo amalizie. Kumalizia ni ufundi: kutokimbilia kichwa, kushuka mwilini kwanza, kumziba njia ya kutokea kwenye kona. Anayetaka ushahidi amtazame mwalimu mmoja, Cus D'Amato wa New York. Floyd Patterson, mtu aliyejulikana kwa upole hata akamsaidia mpinzani kutafuta kinga ya meno iliyodondoka, alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1956 akiwa na miaka 21. Mike Tyson aliivunja rekodi hiyo ya umri mwaka 1986, akiwa na miaka 20, mwaka mmoja baada ya D'Amato kufariki. Wote wawili walitoka mikononi mwake, mmoja mpole na mmoja wa kutisha, na somo alilowapa kuhusu woga lilikuwa moja: woga ni moto, ukiutawala unakupikia, ukikushinda unaunguza nyumba. D'Amato hakuwahi kufundisha kwamba bingwa haogopi.

Kukosa breki ndiko kunakopoteza mapambano. Julai 1996, ukumbi wa Madison Square Garden, Andrew Golota alikuwa mbele kwa pointi dhidi ya Riddick Bowe. Akaonywa, akakatwa pointi, akaendelea kupiga chini ya mkanda mpaka akaondolewa mchezoni raundi ya saba. Desemba mwaka huohuo wakarudiana Atlantic City. Alikuwa mbele tena, akapiga chini ya mkanda tena, akaondolewa tena, safari hii raundi ya tisa. Juni 1997 Tyson akaondolewa kwa kumng'ata sikio Evander Holyfield. Hakuna anayeruhusiwa kumpa mtu jina la ugonjwa kwa kumwona kwenye televisheni, na hapa hatufanyi hivyo. Tunachosema ni cha hesabu tu: tabia ileile ambayo ripoti ya Shangani ingeiita "hasikii, harudi nyuma", kwenye matokeo rasmi iliandikwa kushindwa.

Sasa huduma yenyewe.

Fomu ina maswali 40 ya ndiyo au hapana, na yote yameelekezwa upande mmoja: kila "ndiyo" ni alama ya ukali. Hilo ni kosa la msingi kabisa. Wapo watu wanaojibu ndiyo kwa kila kitu, kwa heshima au kwa uchovu, na kwenye fomu hii wanatoka wakiwa mashetani. Fomu iliyotengenezwa vizuri hugeuza baadhi ya maswali ili ndiyo ya hapa iwe hapana ya pale. Ile ya akina Patrick, kwa mfano, ina kauli 58, baadhi zimegeuzwa, na majibu yake yana ngazi nne. Hapa hakuna hata swali moja la kumnasa anayejisifu, na kila bondia anajua kwamba promota ataiona karatasi. Nani atajibu kwamba usiku kabla ya pambano huwa haja ndogo haimwishi?

Kiswahili cha fomu nacho kinahitaji kufumuliwa. "Nina roho ngumu" kwa kijana mmoja ni kuvumilia, kwa mwingine ni uchoyo, kwa wa tatu ni kutokuwa na huruma. "Sijali nikipigwa" inaweza kuwa ushujaa, inaweza kuwa kukata tamaa, na kijana aliyekata tamaa hahitaji pambano, anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Swali la "naweza kuendelea kumpiga mtu aliyekwisha kulegea" linapima kama bondia anajua kanuni. Kila aliyefundishwa vizuri atajibu ndiyo, kwa sababu amefundishwa apige mpaka mwamuzi aingie. Njia ya kusafisha fomu kama hii inajulikana. Itafsiriwe na mmoja, irudishwe lugha ya asili na mwingine ambaye hakuiona ya kwanza, zilinganishwe, kisha isomwe kwa sauti mbele ya vijana kadhaa huku kila mmoja akieleza amesikia nini. Hakuna dalili kwamba hilo limefanyika.

Mazungumzo ni ya dakika 25 kwenye baraza, wengine wakisikia. Hayafai kwa lolote.

Vipimo vya mwili ndivyo vinavyowavutia walimu, kwa sababu vina mashine. Kwanza wanahesabu mapigo ya moyo ya mtu aliyekaa. Chini ya 60 kwa dakika anaandikiwa "hana woga" na kupewa alama 15. Chanzo cha wazo hilo ni kweli: tafiti nyingi zimekuta mapigo ya chini ya kupumzika yakiambatana na tabia ya ukorofi kwa vijana. Lakini tafiti hizo zilihusu vijana wa kawaida. Moyo wa mtu anayekimbia kilomita nane kila alfajiri kuelekea Mikindani na kurudi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo haulazimiki kupiga mara nyingi. Mapigo 50 kwa mwanamichezo wa pumzi ni jambo la kawaida. Huduma inapima mbio za asubuhi na kuziita kutokuwa na huruma. Kinyume chake kinatokea pia. Kijana aliyebakiza siku tatu kabla ya kupima uzito, amekata maji, mapigo yake yanapanda. Aliyefunga Ramadhani akipimwa saa kumi alasiri naye si yule wa siku nyingine. Wote wawili wanaandikiwa woga.

Anayetaka kutumia mapigo ya moyo ayalinganishe na ya mtu huyohuyo. Bondia ajihesabie asubuhi tatu mfululizo kabla hajainuka kitandani, sekunde 60 kamili, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba. Wastani wa siku hizo ndio msingi wake. Kisha ahesabu akiwa amekaa, dakika kumi kabla ya sparingi, yaani pigano la mazoezi, nzito na mtu mgeni, kabla hajaanza kupasha mwili. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoonyesha mwili wake unapokeaje tishio, na hata hiyo isomwe kwa wiki kadhaa, kamwe si kwa siku moja.

Mashine ya pili ni kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye vidole viwili kupima jasho la kiganja. Kanuni yake ni sahihi: mtu akistuka, vitundu vya jasho vya kiganja vinafunguka na umeme mdogo unapita kwa urahisi zaidi. Mwaka 1957 David Lykken aliitumia kuonyesha kwamba wafungwa wenye dalili za usaikopathi hawakutokwa jasho kama wengine walipokuwa wakingoja maumivu. Ila kipimo hicho kinataka chumba kilichotulia, chenye joto lisilopandapanda, karibu nyuzi 23, mtu akae dakika kumi na mikono mikavu kabla ya kuanza. Ukumbi wa Shangani una feni moja na madirisha yaliyo wazi kuelekea bahari. Mwezi wa Januari, saa nane mchana, kiganja cha kila mtu Mtwara kimelowa, mwoga na jasiri sawa. Kifaa kinafika kikomo na kubaki hapo. Tungewashauri wakiondoe kabisa, au wapime saa kumi na mbili asubuhi ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Jaribio la Lykken lina sehemu nyingine ambayo huduma haiitaji, na kwa mwalimu ndiyo yenye thamani. Aliwapa watu njia ya vitufe vya kubonyeza mpaka mwisho. Kwenye kila hatua kimoja kilikuwa sahihi, na kati ya vile visivyo sahihi kimoja kilitoa shoti ya umeme. Wenye usaikopathi walijifunza njia sahihi sawa na wengine. Walichoshindwa kujifunza ni kukwepa kile cha shoti. Mwalimu yeyote anamjua kijana wa namna hiyo: makonde yake mazuri, anajifunza kila mchanganyiko kwa siku mbili, lakini mkono wa kushoto haurudi kwenye taya hata apigwe mara ngapi. Gadi, yaani mikono ya kujikinga, inajengwa na kumbukumbu ya maumivu. Asiyeikumbuka shoti hajengi gadi.

Hapo ndipo zoezi la nne, la ulingoni, linapostahili sifa. Ni raundi tatu za dakika mbili. Raundi ya kwanza bondia anaambiwa afunge kwa konde la mkono wa mbele, na mwenzake anaachia lifike. Raundi ya pili mwenzake, bila kumwambia, anajibu kila konde la mbele kwa la kulia. Raundi ya tatu ni hiyohiyo, baada ya mapumziko ya dakika moja. Mtu wa pembeni anahesabu ni mara ngapi bondia anarudia kosa kabla hajabadilika.

Aliyelibuni, ajue au asijue, amekaribia sana jaribio la Joseph Newman na wenzake la mwaka 1987. Wafungwa walipewa kadi 100 wazifunue moja moja, na waliruhusiwa kuacha wakati wowote. Kwenye kumi za mwanzo walishinda tisa, kwenye kumi zilizofuata nane, ikashuka hivyo hadi kumi za mwisho ambazo hazikuwa na ushindi hata mmoja. Wenye usaikopathi waliendelea kufunua wakati wengine walishaacha, wakapoteza fedha zaidi. Kisha ikaongezwa kitu kimoja: baada ya kila kadi, kungoja sekunde tano huku matokeo ya kadi zilizopita yakiwa mbele ya macho. Wakaacha mapema, karibu sawa na wengine. Breki ilikuwepo. Ilihitaji mtu wa nje asimamishe gari kidogo.

Zoezi zuri namna hiyo huduma inaliharibu kwa makosa matatu. Linafanywa mwisho, mtu ameshachoka kwa saa mbili za joto, na mtu aliyechoka harekebishi chochote awe na tabia gani. Mwenza wa zoezi ni mmoja kwa wote, kijana wa kilo 75, hata kwa bondia wa kilo 57. Kosa la tatu ndilo linalouma: anayeendelea kutupa konde lilelile na kupokea la kulia lilelile anaongezewa alama 20, kwa maelezo kwamba "hasukumwi nyuma". Ripoti inampa zawadi kwa kile kitakachompeleka chini. Kama kuna jambo moja ambalo wenye huduma wanapaswa kulibadilisha kesho asubuhi, ni hilo.

Klabu inaweza kulifanya zoezi hili yenyewe bila kulipa. Lifanyike mwanzoni, baada ya kupasha mwili dakika kumi na tano. Wenza wasizidiane zaidi ya kilo tatu. Glovu ziwe za aunsi 16, kofia na kinga ya meno wote wawili, na konde la kujibu lipigwe kwa nusu nguvu, usoni pa kofia, kamwe si sikioni wala nyuma ya kichwa. Mhesabuji awe na karatasi iliyogawanywa vipande vya sekunde 30: vinne kwa raundi. Kila konde la mbele lililojibiwa aweke mstari. Msomaji wa karatasi anatafuta mteremko. Mistari minane, sita, tatu, moja ni mtu anayejifunza ndani ya raundi. Minane, tisa, minane, tisa ni mtu anayehitaji kona, yaani mwalimu wa kumsimamisha kati ya raundi. Akishuka kutoka tisa hadi mbili kwenye raundi ya tatu, baada ya dakika moja ya kuzungumza naye, tatizo lake lina dawa. Asiposhuka hata hapo, asiandikishwe pambano mpaka ashuke. Lirudiwe baada ya wiki mbili kwa konde tofauti, maana akishaujua, mtego umekwisha.

Na dakika ile ya kona ina mpangilio wake. Sekunde kumi za kwanza anakaa, kinga ya meno inatoka, anashusha pumzi mbili ndefu. Mtu yeyote asiseme. Kumi zinazofuata ni maji kidogo na taulo. Kisha mwalimu, kabla ya kuagiza lolote, aulize: "Amekupata na nini?" Ajibu bondia kwa mdomo wake. Hilo swali ndilo zile sekunde tano za Newman, linamlazimisha atazame kadi zilizopita. Akisha kutaja, agizo liwe moja, mawili kwa dharura tu, na bondia alirudie kwa sauti. Sekunde ya hamsini kinga inarudi. Kona nyingi za mkoani kwetu zina watu watatu wanaopiga kelele kwa pamoja, "mpige, mpige, amechoka", na kijana asiye na breki anarudi katikati akiwa ameongezewa mafuta.

Aya za ushauri kwenye karatasi ya pili zinasema mwenye alama zaidi ya 70 "asipunguzwe makali". Ushauri huo ni wa hatari kwa afya, tunausema wazi. Tafiti kadhaa zimekuta watu wenye moyo wa jiwe wakivumilia maumivu kuliko wenzao. Bondia wa namna hiyo hasemi kichwa kinamuuma, na promota anafurahia kimya chake. Kanuni za ngumi za ridhaa kimataifa kwa miaka mingi zimekuwa hivi: aliyepigwa KO ya kichwani anapumzika siku zisizopungua 30, bila sparingi, KO mbili ndani ya miezi mitatu ni siku 90, tatu ndani ya miezi kumi na mbili ni mwaka mzima. Kwa kijana asiyelalamika siku hizo zihesabiwe na mwalimu kwenye daftari, zisiachwe kwa hisia za kijana. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, mboni zikitofautiana ukubwa au kichwa kikizidi kuuma baada ya saa chache, apelekwe hospitali ya Ligula usiku uleule, hata akisema yuko sawa.

Kuhusu umri: huduma inapokea vijana wa miaka 14. Isipokee. Ugonjwa wa haiba wa kupuuza haki za wengine, ulio jirani na usaikopathi, hautambuliwi rasmi kwa mtu ambaye hajafika miaka 18, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa, kwamba kukosa breki ni hali ya kawaida ya umri huo na kwa wengi inapita. Kumwandikia mtoto wa Chikongola "roho ya muuaji 82" na kubandika karatasi ukutani mwa klabu ni kumpa jina ambalo mtaa hautalisahau. Yupo pia atakayejitahidi kulistahili.

Kwa klabu ambayo bado inataka kwenda, iende asubuhi, nje ya wiki ya kupima uzito, na iombe zoezi la ulingoni lifanywe kwanza. Iombe ile karatasi ya mhesabuji yenyewe, mistari kwa mistari, badala ya namba ya jumla; ukiomba wanaitoa. Na kabla mtu hajajaza fomu, iulizwe nani atabaki na nakala. Kwa sasa nakala moja inakwenda kwa promota aliyeleta kundi bila bondia kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa ya maandishi kwa taarifa nyeti, na taarifa za afya na za watoto zimo humo. Fomu ya Shangani haina sehemu ya sahihi ya ridhaa. Bondia anaweza kuiandika mwenyewe chini ya ukurasa wa kwanza, kwa kalamu, kabla ya kujibu swali la kwanza: nakala hii tukabidhiwe mimi na mwalimu wangu tu, tarehe, jina, sahihi.